Urea Iliyopaa Lodwar

Kilichotushtua ni harufu. Asubuhi ya tatu baada ya kutia mbolea, nje kidogo ya Lodwar, tulifunua beseni tulilokuwa tumelifudikiza juu ya udongo, na amonia ikatuchoma pua hadi machozi.

Tulitaka kujua nyasi na miti ya mgunga ya huko inakosa nini zaidi: maji au naitrojeni. Hesabu ilikuwa sawa. Vipande 16 vya mita 2 kwa 2: vinne maji tu, vinne naitrojeni tu, vinne vyote viwili, vinne visiguswe. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa mita ya mraba, kwa hiyo milimita 20, karibu sehemu ya kumi ya mvua ya mwaka huko, ni lita 80 kwa kipande. Naitrojeni gramu 10 kwa mita ya mraba. Mbolea yetu, urea, ina asilimia 46 ya naitrojeni, basi gramu 87 kila kipande, tukizichanganya na mchanga mkavu zisiangukie mahali pamoja.

Gari la maji likazama kwenye mchanga wa korongo. Tulikuwa na mitungi 5 ya lita 20 badala ya 32, tukaamua kugawana: lita 12 na nusu kwa kipande, yaani milimita 3. Bora tungeiacha urea kavu! Maji hayo yaliyeyusha chembe bila kuzishusha. Kwenye udongo wa moto wenye magadi, urea iligeuka amonia juu juu, ikapaa.

Tulihamia vipande vipya, safari hii kwa lita 80 kamili. Vya naitrojeni tu vilibaki kijivu. Vya maji tu vilichipua nyasi karibu sawa na vya vyote viwili, jambo ambalo mtafiti wa udongo H. F. Birch alilieleza huko Muguga, karibu na Nairobi, miaka ya 1950: udongo uliokauka ukiloweshwa, vijidudu huamka na kuachia naitrojeni kwa mkupuo. Mbolea ilianza kuonekana tulipomwagilia mara ya tatu, mkupuo ulipokwisha.

Mgunga wenyewe haukubadilika; mizizi yake inakunywa chini kuliko milimita 20 zinavyofika. Ila vipande viwili visivyoguswa vilikuwa na majani mabichi kuliko wenzao. Tukachimba kwa panga: udongo mweusi, majani yaliyooza, samadi ya mbuzi waliopumzika kivulini. Tulikuwa tumepima kamba hadi chini ya matawi. Tukavifuta daftarini, tukapima vingine hatua kumi kutoka ukingo wa kivuli.