Kivuli kilichotutesa wiki mbili kwenye gari letu la sola

Tukielekea Mikindani, gari lilishiba jua. Tukigeuza kurudi Mtwara mjini, linakufa njaa. Barabara ni ile ile, jua ndiyo kwanza linapanda, lakini mita ya umeme unaotoka kwenye paneli inashuka kutoka ampea tatu hadi moja. Wiki mbili nzima tulihangaika nalo.

Tulikuwa wanafunzi watano wa chuo, likizo ndefu, kwenye gereji ya mjomba wangu. Hamu ilitushika kwa ajili ya yale mashindano ya Australia yaliyoanza mwaka 1987, ambayo timu za vyuo hutoka Darwin hadi Adelaide, kama kilomita 3,000, kwa nguvu ya jua. Sisi tulitaka kufika Mikindani tu na kurudi. Fremu ya kwanza ilikuwa na kilo 94. Tukaikata, tukachomelea nyingine kwa bomba jembamba, ikaja kilo 58. Magurudumu matatu, mota ya volti 48, betri nne, na paneli nne za wati 100 nyuma ya dereva. Kwa hesabu zetu, mwendo wa kilomita 25 kwa saa ulihitaji wati 300 hivi, na jua la mchana la kwetu linazitoa.

Kwanza tuliulaumu upepo wa kusi, maana wakati wa kurudi ulitupiga usoni. Lakini upepo huchosha mota, haupunguzi kinachozalishwa na paneli. Naumia kwamba nilichelewa kuliona hilo. Tukahamia kwenye chumvi ya bahari: tukasugua maungio yote ya nyaya, tukapaka grisi. Wapi!

Mjomba ndiye aliyeona. Alisimama kando ya barabara akitusubiri, tukampita, akanipigia kelele nisimame.

"Mpwa wangu, mbona kichwa chako kimeilalia paneli?"

Niligeuka. Asubuhi jua liko mashariki. Tukienda Mikindani lilikuwa mgongoni, tukirudi lilikuwa usoni, na kivuli changu kikaangukia paneli ya mbele. Paneli zetu zilikuwa zimefungwa mfululizo, hivyo umeme wa zote hupita njia moja. Seli chache zikifunikwa, zinaibana njia hiyo kwa paneli zote nne.

Lakini kila paneli ina dayodi za kuupitisha umeme pembeni ya seli zilizofunikwa. Kwa nini hazikufanya kazi? Tulifungua kisanduku cha nyuma cha paneli ile, tukakuta dayodi zote mbili zimeungua. Tulizinunua paneli zikiwa zimeshatumika na hatukuzipima hata moja. Sasa napima kila kisanduku kabla ya kutoa hela.

Tukabadilisha dayodi, tukashusha kiti sentimita 20, tukasogeza paneli nyuma kidogo. Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka Mikindani saa tatu asubuhi, jua usoni, kusi ikivuma, macho yangu kwenye mita. Ampea tatu na nusu, hadi getini kwa mjomba.