Jani la Kumi na Nne

Juzi mwanangu wa mwisho, macho kwenye simu, kaniuliza: "Baba, huyu bata ndiye Robin Hood kweli?" Nikacheka kabla ya kujibu. Hilo swali ndilo katuni yenyewe. Yule mtawa mnene haulizi jingine, dakika sita nzima.

Robin Hood Daffy ilitoka mwaka 1958. Chuck Jones aliiongoza, Michael Maltese akaiandika, na sauti ni za Mel Blanc, ya bata na ya mtawa pia. Bata huyo, Daffy, anajitangaza kuwa ndiye yule mhalifu wa msitu wa Sherwood anayewaibia matajiri ili awape maskini. Porky, nguruwe aliyevikwa joho la Friar Tuck, yule mtawa wa kundi la Robin Hood, anataka sana kujiunga na Robin Hood, ila hakubali kwamba Robin Hood anaweza kuwa huyu. Basi Daffy inabidi ajithibitishe kwa kumwibia tajiri mmoja anayepita juu ya punda. Anarukia kamba, anagonga mti. Anarukia tena, anagonga mwingine. Tajiri anapita zake, hata shingo hageuzi.

Anayeigizwa hapo hasa ni mwigizaji Errol Flynn, kwenye filamu ya rangi ya Robin Hood ya 1938. Flynn anashika mzabibu wa mwitu anapaa kama hana uzito, na anapigana kwa fimbo na Little John juu ya gogo lililolazwa mtoni. Filamu zote mbili ni za studio ya Warner Bros., kwa hiyo nyumba iliyompaisha Flynn ndiyo iliyompa bata kamba miaka 20 baadaye. Ukishaziona zote mbili, unaanza kushuku kwamba ile miti anayoigonga Daffy ilikuwepo hata kwa Flynn, ila mpiga picha aliikwepa.

Nilipokuwa mtoto, mkanda wetu wa video wa katuni hiyo ulikuja kutoka Muscat, pamoja na deki ya mjomba. Likizo ile ya Desemba nikaamua kuutoa mchezo wa fimbo kwenye kioo niuhamishie karatasini, niwe na kijitabu cha michoro, kile unachokiachia kurasa kwa dole gumba na picha zikatembea. Mnaukumbuka: Daffy yuko juu ya gogo, anaizungusha fimbo huku akitaja kila pigo kwa sauti ya mwalimu wa gwaride, na pigo la mwisho linampata mwenyewe, mdomo unapinda kuelekea juu. Anarudia polepole, neno kwa neno, kutafuta kosa liko wapi. Kosa liko palepale. (Jina la fimbo hiyo kwa Kiingereza lina neno "robo" ndani yake, na Daffy anatunong'oneza pembeni kwamba aliinunua dola moja na robo. Mzaha huo nilichelewa kuupata kwa miaka mingi.)

Hesabu ilikuwa hivi. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde. Wachoraji wa wakati ule kwa sehemu kubwa waliupiga kila mchoro picha mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Mwendo ukiwa wa kasi mno ndipo kila picha inapewa mchoro wake. Mkanda wa PAL, mfumo wa video wa deki yetu, unazipitisha 25, kwa hiyo kila kitu huwahi kidogo. Nikapanga majani 24, sekunde mbili za dole gumba.

Kunakili kwenyewe kuna adabu yake. Unasimamisha picha, unabandika karatasi ya kupitishia juu ya kioo cha televisheni, nayo inanata yenyewe kwa umeme wa kioo, nywele za mkono zinasimama. Kioo cha televisheni za zamani ni kinene: ukisogeza kichwa nusu inchi, mstari unahama. Fumba jicho moja, na usibadili jicho hadi umalize mchoro. Tena fanya haraka, maana deki haikubali kusimamishwa muda mrefu. Baada ya kama dakika tano inajiachia, kwa sababu kichwa cha deki kinachousoma mkanda kinaendelea kuzunguka na kuusugua mkanda mahali pamoja. Na chenga: mstari wa chenga ulikata picha nyingi katikati. Pale fimbo ilipopaswa kugusa mdomo, sikuona ila chenga. Mchoro ule, jani la 14, niliubuni mwenyewe.

Karatasi ya daftari ilinishinda mara ya kwanza. Ni nyepesi, majani yanashikana, yanaruka mawili mawili. Nikahamia manila, vipande vya sentimita 7 kwa 10. Kisha bata akawa anatetemeka kama mwenye homa, kwa kuwa kila kipande nilikiweka kwa kukadiria. Dawa yake misumari miwili juu ya ubao: toboa kila jani mahali palepale, livishe kwenye misumari, ndipo uchore. Majani 9 ya mwisho ni bata aliyeganda mdomo juu. Studio ingeupiga picha mchoro mmoja tu mara nyingi. Mwenye kijitabu hana njia ila kunakili, na kila nakala ina mkono wake. Nilikubali mtetemo kidogo hapo.

Usiku nikakipeleka barazani. Mjomba hakuwa mtu wa kuchekea michoro ya mtoto. Hata kwenye katuni yenyewe alimwita Porky "yule mnene" tu, asilitaje jina. Alikishika kijitabu kwa mkono wa kushoto, akapinda majani kwa dole gumba la kulia, akayaachia. Trrr. Kimya. Akakisogeza karibu na taa. Akayaachia tena, taratibu zaidi, nami nikasikia kila jani likianguka, nikawa nayahesabu moyoni: fimbo inapanda, inazunguka nyuma ya kichwa, inashuka. Halafu mjomba akatoa kicheko kilichomtoka puani, cha mtu aliyekusudia kukizuia, akampa mkewe. Mkewe akacheka kabla hata majani hayajaisha. Kikazunguka baraza nzima.

Asubuhi, nikikunja jamvi, nikaliokota jani la 14. Lilikuwa limechomoka kwenye uzi. Usiku kucha watu walicheka fimbo iliyo hewani na, mara, mdomo uliokwisha kupinda; pigo lenyewe hawakuliona.

Nikalirudisha mahali pake, nikakaza uzi, nikampelekea mjomba. Akayaachia majani mara mbili. "Sasa anajipiga taratibu mno," akasema, akaendelea na chai yake.

Nililichomoa tena, bila shaka. Ila ningelichomoa mimi mwenyewe, bila uzi kulegea? Jani lile nililipenda kuliko yote, lilinichukua mchana mzima.

Mwanangu alikuwa bado anasubiri jibu. Nikamwambia atazame fimbo. Akatazama, akakunja uso.

"Sijaiona ikimgonga," akasema, akarudisha nyuma.