Yaya ku barafu ya Bormio

Yaya wangu mwenye anaishi Italia alikuwa bolontere ku Olimpiki ya Milano Cortina, Februari 2026, kule Bormio. Siye huku Goma tulikuwa tunamutafuta ku televizyo, kumbe yeye iko ku mulango anaangalia badje za bantu! Makuta hakuna, ni nguo na chakula tu, mama aliuliza "unaganda bure?"

Mie kilinishangaza ni piste, ile njia ya kushukia mulima na ski (mbao ndefu za miguu za kuteleza ku theluji): theluji laini hawaitaki, wanaitia maji mpaka inakuwa barafu ngumu, na kama usiku inaanguka ingine, bantu banaamuka mbele ya jua kuitosha yote. Mie baridi ya Nyiragongo tu ilinimaliza.

Alafu kuna mchezo uliingia Olimpiki hapo hapo, unapanda mulima, ski ku miguu na pahali pengine mugongoni, kisha unashuka mbio.