Siku yangu na nyaya za magari makuukuu

Saa moja asubuhi. Gereji yetu iko Changamwe, Mombasa. Mahamri na mbaazi sijamaliza, simu inalia: mzee wa Magongo, Peugeot 504 yake haiwaki. "Mwanangu, betri nimeinunua juzi, na bado stata inafanya ka-ka-ka tu." Stata ndiyo mota inayozungusha injini ili iwake. Betri tena! Mji huu betri zinanunuliwa kama panadol, kichwa kiume kisiume.

Saa mbili na nusu. Mita inasoma volti 12.6, betri imejaa. Basi umeme unapotelea njiani. Naweka ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, namwomba mzee apige stata. Volti 3! Hapo haifai hata kufika nusu volti. Nafungua nati ya waya wa athi, ule unaounga hasi ya betri na chuma cha gari. Juu umepakwa rangi, unang'aa. Chini kumejaa unga wa kijani, shaba imeliwa na chumvi ya bahari. Napiga msasa hadi chuma king'ae, nafunga waya mpya mnene, nakaza, ndipo napaka grisi. Stata inazunguka mara moja. Mzee anatazama betri yake mpya, kimya.

Saa sita. Matatu honi inalia yenyewe kila ikikata kona. Waya umechubuka ndani ya usukani. Tepu, kwisha. Sala, chakula.

Saa tisa. Hii ndiyo kazi niipendayo. Dada mmoja analaza Corolla Ijumaa jioni, Jumatatu betri imekufa. Nazima kila kitu, navua waya wa hasi, naunga mita katikati ya waya huo na betri, upande wa ampea 10. Inasoma 0.9. Gari lililolala halipaswi kula zaidi ya 0.05. Nachomoa fyuzi moja moja, namba haitikisiki. Wengi hapo huanza kukata nyaya ovyo. Mimi naenda kwenye altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, navua waya wake mnene: namba inashuka papo hapo. Dayodi yake, ile ya kupitisha umeme upande mmoja tu, imevuja, umeme unarudi kinyume usiku kucha, hata altaneta ikichaji vizuri mchana.

"Fundi, si niweke tu betri kubwa zaidi?"

"Itakufa Jumanne badala ya Jumatatu, dada."

Anacheka, anaanza kunibembeleza bei. Altaneta naishusha kesho. Leo namwonyesha jinsi ya kuvua kichwa cha hasi akifika nyumbani, kwa spana ya namba 10.