Kabla ya Kulipia Injini ya Dizeli Iliyotumika

Mwenye pikapu ya dizeli hapa Malindi ambayo injini yake imechoka huwa na njia mbili: kuifungua na kuitengeneza upya, au kununua injini iliyotumika ambayo aghalabu hutoka Japani na kupitia Mombasa. Kwa Hilux yangu, ambayo wakati wa msimu hubeba maembe kutoka Magarini na miezi mingine hubeba chochote kinacholipa, niliichagua njia ya pili. Ninayoyaandika hapa yanahusu kazi inayotangulia malipo, yaani kuhakikisha kwamba injini inayouzwa itaingia katika gari, itashikana na giaboksi, na itaendesha kila kitu kilichokuwa kikiendeshwa na ile ya kwanza.

Ukaguzi huanzia kwenye gari lenyewe, si kwa muuzaji. Kwenye kibati cha chasisi, Toyota hutanguliza herufi za jamii ya injini katika jina la modeli: LN ni Hilux iliyotoka kiwandani na injini ya dizeli ya jamii ya L, LH ni Hiace yenye jamii hiyo hiyo, RZH ni Hiace ya petroli, na KDH ni ile ya D-4D, yaani dizeli inayoongozwa kwa kompyuta, ambayo abiria wa barabara ya Mombasa wanaifahamu vizuri. Herufi hizo hukueleza gari lilizaliwa na nini. Hazikuelezi lina nini leo, kwa sababu gari lenye umri wa kutosha huenda lilishabadilishwa injini na wenyewe wawili watatu waliotangulia, na kila mmoja aliacha mauntini (vishikio vya injini) au nyaya za kwake. Kwa hiyo namba iliyochongwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, husomwa pia, na huwekwa kando ya kibati na ya logibuku, kitabu cha umiliki wa gari, ili ionekane kama vyote vitatu vinakubaliana.

Ndani ya jamii ya L mambo si magumu. Injini ya 2L ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,446, ya 3L ina 2,779 na ya 5L ina 2,986, lakini zote ni za silinda nne, zimejengwa kwa umbo moja, na matundu ya bolti za giaboksi yanalingana. Ndiyo maana mafundi wengi wa pwani huitoa 2L na kuweka 3L bila hata kuuliza. Tahadhari yangu ni kwamba jina lisomwe kwenye bloku, kamwe lisisomwe kwenye kava la juu, kwani kava huhama kutoka injini moja hadi nyingine kwa dakika chache, na silinda hedi za jamii hii, ambazo zinajulikana kwa kupasuka zikipata joto kupita kiasi, hubadilishwa mara nyingi.

Muuzaji wa Mombasa niliyempigia simu aliniambia, "Bwana, 3L ni 3L, wewe tuma pesa za kuisafirisha." Nikamwomba anitumie picha ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Alicheka, lakini aliituma, na katika picha ile ilionekana wazi kwamba injini ilikuwa imetoka kwenye Hiace. Hilux inayovuta kwa magurudumu manne ina difu na ekseli ya mbele chini ya injini, na sampu yake imeundwa kuvipisha. Sampu ya Hiace haina sababu ya kuundwa hivyo. Hilo silo jambo la kukufanya uiache injini, mradi injini yako ya zamani ingali nzima upande wa chini, kwa kuwa sampu yaweza kuhamishwa. Lazima ihame pamoja na bomba la kunyonyea oili na kijiti cha kupimia, kwa maana bomba lisipofika kwenye kina cha sampu injini hunyonya hewa, na kijiti kisicho chake hukuonyesha kiwango cha uongo kila asubuhi. Kwa ajili hiyo simwelewi mtu anayewauzia watu wa vyuma chakavu injini yake ya zamani kabla mpya haijanguruma. Ile ya zamani ndiyo stoo ya vipuri vyako: sampu, mikono ya mauntini, puli, bomba la ekzosti, na mara nyingine hata pampu ya dizeli.

Upande wa nyuma wa injini una swali lake. Magari mengi ya Japani ni ya otomatiki, hivyo injini huja na bamba jembamba la kushikia giaboksi ya otomatiki badala ya flaiwili nzito inayokaliwa na klachi. Flaiwili ya zamani huhamishwa pamoja na bolti zake, kwa sababu bolti za bamba na za flaiwili hazina urefu mmoja, kisha huangaliwa kama mwisho wa krankshafti una nafasi ya bearingi ndogo inayopokea ncha ya shafti ya giaboksi. Bearingi hiyo ikikosekana, klachi hukataa kuachia vizuri, na fundi asiye makini ataanza kulaumu giaboksi.

Kuna kifaa kimoja ambacho wanunuzi wengi hawakitazami, nacho ni alterneta. Injini ya dizeli haijengi vakamu kwenye njia yake ya hewa kama ifanyavyo ya petroli, kwa hiyo breki husaidiwa na pampu ndogo ya vakamu, na katika jamii ya L pampu hiyo imefungwa nyuma ya alterneta. Fundi wangu, mzee aliyeanza kazi hii kabla sijapata leseni, aliigeuza alterneta mkononi, akaweka kidole kwenye mdomo unaopokea mpira wa vakamu, akaniambia, "Mwanangu, ukifunga isiyo na hii, utasimamisha gari kwa miguu." Breki zingekuwepo, ila pedali ingekuwa ngumu kama jiwe, na gari lenye shehena ya maembe linaloteremka haliwezi kuachiwa hali hiyo.

Stata na hita plagi, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, husomwa volti zake. Land Cruiser kadhaa za dizeli zilizouzwa ndani ya Japani zina umeme wa volti 24, ilhali pikapu zetu ni za 12. Hita plagi nazo zipo za volti mbalimbali hata ndani ya magari ya volti 12, na ya volti 6 ikipewa 12 moja kwa moja huungua upesi.

Kuhusu injini za kompyuta, msimamo wangu ni mkali kidogo. 2KD yenye ujazo wa 2,494 na 1KD yenye 2,982, ambazo ndizo za D-4D, ni injini nzuri zikiwa katika magari yaliyozaliwa nazo. Kuzitia katika gari la L kunahitaji kontrolboksi yake (kompyuta ya injini), nyaya zake zote, pedali yake ya mafuta yenye sensa, na suluhisho la ufunguo, kwa kuwa mfumo wa kuzuia wizi huikatalia injini kuwaka ikiwa hautambui ufunguo. Hata ukibadilisha 1KD kwa 1KD, kila injekta, kifaa kinachonyunyizia dizeli kwenye silinda, ina msimbo wake ulioandikwa kichwani, na misimbo hiyo huingizwa kwenye kontrolboksi kwa mashine ya uchunguzi. Kisha ongeza chumvi. Pikapu zinazoshinda Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi huliwa soketi za nyaya hadi shaba inageuka kijani, wakati pampu ya kimekanika ya 3L huhitaji waya mmoja tu wa kufungulia dizeli ili injini iendelee kuzunguka. Wapo watakaoniona mshamba. Mimi huulizia kwanza nani ataitengeneza gari ikiharibikia njia ya Garsen.

Afya ya injini ni somo jingine refu, ila kipimo cha mgandamizo nisingekiruka. Itumike geji ya dizeli, kwani ya petroli haikutengenezwa kwa shinikizo la aina hiyo, na kinachonishughulisha zaidi ni silinda nne kukaribiana kuliko moja kusifiwa.

Baada ya hapo hubaki karatasi. Namba ya injini imo katika logibuku, hivyo ikibadilika mabadiliko hupelekwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na bima nayo huarifiwa. Dai risiti yenye namba ya injini na nakala ya hati za forodha kabla hujalipa, na ipige picha namba hiyo injini ikiwa bado sakafuni, imesuguliwa kwa msasa laini ikasomeka, maana ikishaingia garini mikono, mabomba na nyaya huiziba, na mkaguzi hatakubali kuambiwa kwamba ipo huko nyuma.