Mita Ilisema Volti Kumi na Mbili

Mwaka 2016, mwezi wa tano, kanisa letu mjini Columbus, Ohio, lilipata barua ya manispaa: majani ya uwanjani yamepita urefu unaoruhusiwa, yakatwe haraka au tutozwe faini. Wengi wetu tulikuwa Wakongo na Warundi, na Watanzania wachache tuliojibanza humo kwa sababu ya ibada ya Kiswahili. Barua iliposomwa watu walicheka. Huko tulikotoka, majani yakirefuka unamfunga mbuzi. Lakini miji mingi ya Marekani ina kanuni za urefu wa majani, na ukizipuuza wanaweza kuleta watu wao wakate, kisha ankara ikufuate wewe.

Jengo tulilinunua kwa usharika wa wazee waliokuwa wamebaki wachache, nao wakatuachia viti, piano na trekta la bustani, lile la kukalia, lenye visu tumboni. Lilikuwa limelala bandani majira yote ya baridi. Tukaweka betri mpya, petroli ya zamani tukaimwaga tukatia nyingine. Ufunguo ukizungushwa, kimya.

Jumamosi ile bandani kulijaa mafundi. Papa Shofere, mzee wa Uvira aliyeendesha malori miaka mingi, aliinama, akasikiliza, akatoa hukumu: "Ni demarere njo ilikufa," yaani stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake. Mhazini wetu hakungoja neno la pili. Alitoa simu akaagiza stata mpya papo hapo. Mimi nikampigia mjomba.

Mjomba ni fundi umeme wa magari, gereji yake iko Ngamiani, Tanga. Kwetu ilikuwa saa tano asubuhi, kwake saa kumi na mbili jioni. Kazi ameshafunga, nyuma yake nasikia watu wanabishana kuhusu mpira.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hujambo? Mbona makelele, huko mnalima?"

"Tunakata majani. Trekta limegoma kuwaka."

"Majani kwa trekta!" Alicheka mpaka akakohoa. Halafu sauti ikabadilika, akawa fundi. "Ukizungusha ufunguo unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Hata tik?"

"Hata tik."

"Basi stata iacheni kwanza. Ingelia tik tungeanza na betri na zile nyaya nene. Ikikaa kimya kabisa hivyo, moto wa umeme haufiki kwenye solenoidi, ile swichi inayoiamsha stata. Tafuteni umekomea wapi."

Trekta hizi za bustani zina woga wa kutengenezwa kiwandani, na ni woga wa haki, maana zina visu. Kwa letu, moto ulitoka kwenye betri ukapita fyuzi, ukaingia kwenye ufunguo, na kabla ya kufika kwenye solenoidi ulipaswa kupita swichi ya pedali ya breki, kisha swichi ya visu. Usipokanyaga breki, au visu vikiwa vimeunganishwa, stata haizunguki hata betri iwe mpya namna gani. Fyuzi ilikuwa nzima. Breki kijana wetu alikuwa ameikanyaga mpaka mwisho.

Papa Shofere hakuwa na subira na mambo ya swichi. Alikwishatoa bisibisi kubwa ili aunganishe vile vichwa viwili vinene vya solenoidi, kama walivyozoea njiani. Mjomba akamsikia.

"Huyo wa bisibisi amesimama wapi?"

"Mbele ya tairi."

"Mtoe hapo! Bisibisi inaruka swichi zote. Gia ikiwa imeingia, trekta linaondoka, na wa kwanza kukanyagwa ni yeye."

Tukaweka nyutro, tukafunga breki ya kuegesha, visu tukavizima, ufunguo tukautoa. Papa akahamia ubavuni, akagusa. Cheche ziliruka na stata ikazunguka kwa nguvu zake zote. Hapo tukajua stata nzima, betri nzima, nyaya nene nzima. Mhazini akaitazama simu yake bila kusema lolote.

Nikachomoa waya mwembamba wa solenoidi, nikaweka mita ya kupimia volti, kijana akakanyaga breki na kuzungusha ufunguo. Mita ikasoma 12.5. Moto upo! Nikaurudisha waya mahali pake: kimya kilekile. Kwa hesabu hiyo aliyebaki wa kulaumiwa ni solenoidi, na tayari kulikuwa na mtu anayeuliza bei yake.

"Waya ulikuwa umechomolewa ulipopima?" mjomba akauliza.

"Ndiyo."

"Mjomba, mita haili kitu. Hata moto uwe unapenya kwenye uzi mmoja tu wa waya, itakusomea kumi na mbili. Solenoidi inakula moto mwingi. Tafuta taa, nayo inakula."

Mchungaji alikuwa na balbu ya akiba ya indiketa, ya wati 21. Tukaifunga vipande viwili vya waya, kimoja tukakibana kwenye bodi kama ethi, njia ya moto kurudi kwenye betri, kingine nikakishika. Nikagusa waya uleule ambao mita iliusifu. Nyuzi za ndani ya balbu zikawa nyekundu kidogo, rangi ya kaa la sigara, basi. Nikarudi nyuma kwenye ufunguo, pale moto unapotokea: taa ikawaka mpaka nikafumba macho. Nikaingia chini kwenye swichi ya breki. Waya unaoingia, taa nyeupe. Waya unaotoka, taa hoi.

Kuifikia plagi ya swichi ile ilibidi nilale chali. Panya walikuwa wamejenga hapo, majani makavu na vinyweleo vya sponji ya kiti vimeshindiliwa hadi juu. Nilipoivuta plagi, kimoja cha vile vyuma vidogo vya ndani kilikuwa kimevaa kutu ya kijani, laini, inayobaki kidoleni. Kingine kilikuwa kimelegea, kinaingia na kutoka bila kushika. Swichi yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Ile kutu nikaikwangua kwa msasa uliokunjwa mwembamba, nikabana vile vyuma kwa koleo vishike, nikapaka grisi kidogo, nikarudisha. Taa ikawaka nyeupe pande zote mbili.

Waya wa solenoidi ukarudi. Kijana akazungusha ufunguo. Tik, stata ikazunguka, injini ikakohoa moshi mweusi, ikakamata. Akina mama waliokuwa wanapika ukumbini wakatoka na vigelegele, na Papa Shofere akapanda kitini kabla mtu hajauliza nani ataendesha. Mistari yake haikunyooka, lakini jioni uwanja ulikuwa chini ya urefu wa manispaa.

Stata mpya ilifika Jumanne. Muuzaji alikubali kuipokea, ila gharama ya kuirudisha ni juu yetu, na Mhazini akapiga hesabu akaona karibu nusu ya bei inaishia kwenye posta. Nilipomweleza mjomba alisema tusihangaike, tuitume Tanga tu, hatakosa mahali pa kuifunga.