Siku moja maishani mwangu: kwotabeki wa mazoezini

Saa kumi na moja alfajiri niko jimu nanyanyua vyuma. Halafu chai, vipindi viwili darasani, na zamu yangu maktaba. Chuo chetu hapa Iowa ni kidogo, cha daraja la tatu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, na daraja hilo haliruhusu mtu kupewa ufadhili kwa ajili ya mchezo wetu, mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono na kofia ngumu. Ada tunajitafutia.

Saa tisa alasiri, video. Mjomba akipiga simu kutoka Bukavu huniuliza kama Jumamosi nilicheza. Hapana, mjomba, kazi yangu ni kuwa adui. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira shambulio likianza, akaamua aurushe kwa nani au amkabidhi nani akimbie nao. Namsoma wa timu pinzani: anavyosimama, anakimbilia wapi akibanwa. Wiki nzima namwiga ili mabeki wetu wamzoee.

Saa kumi tuko uwanjani. Kocha msaidizi ananyanyua kadi yenye mchoro, tunaitazama, tunaucheza. Leo kocha wa ulinzi kang'ang'ania mchoro mmoja tu: najifanya namkabidhi mkimbiaji mpira, mabeki wanasogea mbele, nautoa na kuurusha nyuma yao. Wanadanganyika. "Tena!" Wanadanganyika tena. Jua limezama, taa zimewashwa, na baridi ya Novemba imeufanya mpira kuwa mgumu kama jiwe. Vidole havisikii zile kamba nyeupe zilizoshonwa juu yake, na usipozishika vizuri mpira unayumba hewani. Kidole gumba kikagonga kofia ya mlinzi. Nikitegea kidogo tu, kocha anaona: "Mwenzako harushi hivyo!" Tena. Tena.

Sijui ilikuwa saa ngapi beki wa kati alipokataa kusogea, akarudi nyuma, akaudaka. Ilikuwa pasi yangu nzuri kuliko zote za jioni ile, na nilipiga kelele za furaha pamoja naye.

Watu hunitia moyo kwa habari za kwotabeki Kurt Warner. Hapa hapa Iowa alikaa benchi chuoni karibu miaka yote, akapanga bidhaa usiku kwenye duka kubwa, na Januari 2000 akaipa timu ya St. Louis Rams ubingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa ya mchezo huu. Namheshimu sana. Lakini kazi yangu ina thamani leo, hata nisipofika huko.

Nikiwa nimeweka kidole kwenye barafu, yule beki akanijia.

"Kesho nirushie ile ya upande wa kulia. Bado inanisumbua."

Nikamwambia aje mapema.